Taa Asizoziona Dereva

Kila asubuhi ya siku za shule, kabla majirani hawajamaliza kupiga miswaki, Betri alikuwa ameshasimama nyuma ya gari la mama yake, mikono kiunoni, macho makini. Jina lake la kwenye daftari la mahudhurio lilikuwa jingine, lakini walimu wenyewe walikuwa wameshalisahau. Tangu akiwa na miaka minne alikuwa haishiwi nguvu kuanzia alfajiri hadi kulala, ndipo mtaa ukamwita Betri, na sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu na jina lilikuwa limemkaa sawasawa.

Mama yake alikuwa dereva. Alikuwa na gari kuukuu la viti saba, ambalo watu walilitania kwa kuliita Bi Kizee, na kwa gari hilo aliwapeleka shule watoto watano wa majirani pamoja na bintiye, kisha mchana akawarudisha. Yalikuwapo magari mapya zaidi mtaani pale, yenye viti vya kunesa na redio za kuimba, lakini wazazi walimkabidhi yeye watoto wao. Walijua kwamba hakuondoa gari hata siku moja kabla ya kulikagua: maji, oili, matairi, kisha taa.

Taa zilikuwa zamu ya Betri. Mama aliketi kwenye usukani akiita, naye akajibu kutoka nyuma.

"Taa ndogo?"

"Zinawaka."

"Indiketa, kushoto?"

"Inawaka."

"Kulia?"

"Inawaka."

"Breki?"

"Zinawaka."

Akimaliza nyuma alizunguka mbele, na huko nako wakaitana hivyo hivyo. Mama hakuwahi kushuka kuhakikisha. Alikuwa akisema kwamba mtu hawezi kukanyaga breki na wakati huo huo akawa nyuma ya gari lake mwenyewe, kwa hiyo amejichagulia macho ya kuyaamini na yanamtosha. Betri akisikia hivyo alitembea siku nzima kifua mbele, na ukweli ni kwamba alistahili.

Jumamosi moja indiketa ya mbele ilianza kulia tik-tik mbiombio. Mama akamweleza kwamba indiketa ikilia haraka kuliko kawaida, ujue balbu moja imeungua na gari linakushtakia. Akamwita aone. Wakazima gari, wakangoja taa ipoe, wakafungua skrubu mbili za kifuniko. Mama alimwonyesha namna ya kuibonyeza balbu ndani kidogo, kuizungusha, kisha kuivuta. Mpya wakaishika kwa kitambaa safi ili mafuta ya vidole yasibaki kwenye kioo. Ya pili, taa ndogo ya pembeni, Betri aliibadilisha peke yake, Mama akiwa amefumbata mikono asije akashawishika kumsaidia. Ilipowaka, Mama alimwambia kila aliyepita barabarani kwamba nyumbani kwake sasa kuna fundi.

"Za nyuma tutazifanya pamoja wiki ijayo," alisema akikusanya bisibisi. "Zile zina balbu ya nyuzi mbili, na ina ukorofi wake. Usiziguse nikiwa sipo."

Betri akaitikia vizuri kabisa. Lakini sifa ni kitu kitamu, na mtu aliyeionja Jumamosi huitamani tena Jumapili.

Jumapili mchana Mama alikwenda kumjulia hali jirani aliyekuwa anaumwa mgongo. Betri alibaki na Bi Kizee uani, akizunguka zunguka. Kifuniko cha taa ya nyuma upande wa kushoto kilikuwa na vumbi ndani. Akajiambia kwamba kukifuta si kugusa taa. Akakifungua, akakifuta. Halafu akaona balbu yenyewe imeanza kuwa nyeusi, akajiambia kwamba kuitoa tu si kuibadilisha. Alikwenda hivyo hivyo, hatua moja baada ya nyingine, na kila hatua ikiwa na kisingizio chake, mpaka akawa ameshika balbu mpya kutoka kwenye kopo la vipuri.

Balbu ya nyuzi mbili huwasha taa mbili kwa kioo kimoja. Uzi mmoja ni wa taa ndogo, mwingine ni wa breki. Ubavuni ina vijino viwili, kimoja juu kidogo ya kingine, ili iingie kwa upande mmoja tu. Hilo Betri hakulijua, kwa kuwa mwalimu wa somo hilo alikuwa kwa jirani. Alipoona inagoma, alidhani ni kutu. Akaisukuma kwa kiganja, akaizungusha kwa nguvu zake zote zile zilizompatia jina, na balbu ikaingia kwa mlio ambao haukumpendeza.

Ili ajaribu breki, alikata kipande cha ubao, akakibana kati ya kiti na pedali. Akasikia kitu chini ya usukani kikilia tik, kidogo tu. Alipokimbilia nyuma, taa ya kushoto ilikuwa imelala. Akatazama ya kulia ambayo hakuigusa hata kidogo. Nayo ilikuwa imelala.

Akatoa balbu mpya, akarudisha ya zamani, akaibana vilevile. Taa ndogo ziliwaka, indiketa ziliwaka, breki hazikuwaka. Akasikia malapa ya Mama yakikaribia lango. Akafunga kifuniko haraka, akatia bisibisi mfukoni, akaanza kufagia ua ambao ulikuwa umeshafagiwa.

Alikusudia kusema wakati wa chakula. Wakati wa chakula Mama alisimulia jinsi jirani mgonjwa alivyosifu habari za fundi mdogo, na Betri akaona si vyema kumharibia Mama furaha. Alikusudia kusema kabla ya kulala. Kabla ya kulala Mama alikuwa amechoka. Mtu akitafuta wakati mzuri wa kusema jambo baya, haupati.

Jumatatu ilianza na mvua. Watoto watano walikuwa wameshapanda na kufunga mikanda, na wawili kati yao, wa darasa la mwisho, walikuwa na mtihani saa mbili kamili. Vioo vilikuwa vimejaa ukungu wa pumzi. Betri alisimama nyuma ya gari, mfuko wa plastiki kichwani.

"Taa ndogo?"

"Zinawaka."

"Indiketa?"

Zote mbili ziliwaka, naye akasema hivyo.

"Breki?"

Aliziona taa mbili zimelala mbele yake. Aliona pia wale wa mtihani wakitazama saa. Akajisemea kwamba taa ndogo zinatosha kumwonyesha aliye nyuma kwamba pana gari, kwamba jioni atatengeneza, kwamba ni siku moja tu.

"Zinawaka," akasema.

Mama akawasha gari.

Betri alikaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na kioo cha buti. Pembeni yake alikaa Kibogoyo, mtoto wa seremala, wa darasa la kwanza, aliyeng'oka meno mawili ya mbele na kulipata jina lake siku hiyo hiyo. Kibogoyo alikuwa na desturi ya kulala gari likianza tu kutembea. Akaegemeza kichwa kwenye bega la Betri, sweta lake jekundu la shule limemfika magotini, akakoroma kidogo.

Hawajafika mbali, mtu mmoja mwenye mkokoteni aliingia barabarani bila kutazama. Mama akapiga honi. Honi haikutoa hata kikohozi. Akakanyaga breki, gari likasimama salama, na mtu wa mkokoteni akavuka bila kujua kwamba alikuwa ameponea chupuchupu.

"Honi imekufa lini?" Mama akauliza, zaidi akijiuliza mwenyewe. Akaendelea kuendesha huku akifikiri kwa sauti, kama alivyozoea. Kwenye gari hili, alisema, honi na taa za breki zinatumia fyuzi moja. Ikikatika, vyote viwili vinakufa. Akamtazama Betri kupitia kioo cha ndani.

"Betri, breki uliziona zote mbili?"

Huo ndio ulikuwa mlango wa kutokea, na Mama mwenyewe alikuwa ameufungua. Betri alifungua mdomo, na uongo wa asubuhi ukamtangulia kutoka.

"Zote mbili, Mama."

"Basi fyuzi ni nzima. Ni honi yenyewe. Bi Kizee ameishiwa sauti."

Watoto wakacheka, na Betri akajilazimisha kucheka nao. Jana alikuwa ameharibu taa. Sasa alikuwa amemfanya Mama, aliyelijua gari hilo kuliko mtu yeyote, akose jibu lililokuwa mbele ya macho yake. Kweli, uongo hauzai mtoto mmoja.

Baada ya soko barabara ilianza kuteremka. Ulikuwa mteremko mrefu, ukuta wa mawe upande mmoja na mfereji upande mwingine, hakuna pa kuegesha mpaka chini kwenye kituo cha mafuta. Matuta yalikuwa manne. Mvua ilizidi, na nyuma yao likaja lori la mchanga.

Betri aligeuka akalitazama. Kwenye tuta la kwanza Mama alipunguza mwendo taratibu, na lori likakua kwenye kioo, likakua tena, kisha likapunguza kwa kuchelewa. Kwenye tuta la pili lilikuja mpaka akaweza kusoma namba zake. Dereva wake, mzee aliyevaa kofia ya sufi, alikuwa ameinama kwenye usukani akijaribu kuona kupitia maji. Kumbe hakuwa na namna ya kujua. Gari la mbele yake lilikuwa na taa mbili nyekundu zilezile, likitembea zimewaka vile, likisimama zimewaka vile vile, na yeye alisubiri ziongezeke mwanga ndipo akanyage.

Kabla ya tuta la tatu mwendesha baiskeli aliteleza mbele yao. Mama akakanyaga breki kwa nguvu. Betri alisikia magurudumu ya lori yakilia juu ya maji, akaona sura ya lori ikijaza kioo chote, akamkumbatia Kibogoyo bila kujua alichokuwa anafanya. Lori lilisimama hatua moja kutoka kwenye buti. Honi yake ikalia mpaka vioo vikatetemeka.

Kibogoyo akaamka akilia. Mwendesha baiskeli aliinuka, akajiburuta pembeni. Mama alikuwa anahema.

"Huyu naye vipi?" akasema. "Haoni taa?"

Hakuna aliyejua, isipokuwa mtu mmoja. Betri alijua pia kwamba tuta la tatu na la nne bado, na kwamba lori likigonga, kitu cha kwanza litakachokikuta ni kichwa hiki kidogo kilichokuwa kinalia kifuani mwake.

"Haoni, Mama," akasema. "Hazipo. Hazikuwaka asubuhi. Nilidanganya, na nilivyokwambia kuhusu fyuzi nilidanganya tena. Mimi ndiye niliyeziharibu."

Mama hakugeuka. Betri aliona mikono yake ikiushika usukani hadi mishipa ikatokeza, kisha ikalegea. Mama akabonyeza taa za tahadhari, indiketa zote zikaanza kupepesa. Akashusha kioo cha mlango wake, mvua ikamwagikia mapajani, akatoa mkono nje na kuupandisha na kuushusha polepole, ishara ya zamani ya madereva ya kumwambia aliye nyuma apunguze.

"Hatuwezi kusimama hapa, mwingine atatugonga," alisema kwa sauti ya chini. "Tunashuka mpaka kituoni. Mkono wangu huenda asiuone kwa mvua hii. Betri, una kitu chochote chekundu huko nyuma?"

Betri akatazama huku na huku, kisha akamtazama Kibogoyo. Akamvua sweta lake upesi.

"Ninalo sweta, Mama."

"Nikisema breki, liweke kwenye kioo. Lote, lienee. Nikisema tayari, liondoe. Usichelewe hata mara moja."

Wakaanza kushuka kwa mwendo wa kinyonga.

"Breki."

Betri akalikandamiza sweta kwenye kioo kwa viganja viwili. Nyuma, mzee wa kofia alikunja uso, asielewe.

"Tayari."

Akaliondoa.

"Breki."

Akalirudisha. Mkanda ulimkata shingoni kwa jinsi alivyojipinda, lakini hakuuhisi. Mara ya tatu mzee akainua kichwa. Mara ya nne taa za tahadhari za lori nazo zikaanza kupepesa, na lori likabaki nyuma, likaacha nafasi ya magari mawili, likawa linawafuata taratibu na kuwazuia wengine wote. Kibogoyo alikuwa ameacha kulia. Alikuwa anasaidia kwa kusema "breki" baada ya Mama, kupitia mwanya wa meno, na hakuna aliyemkataza.

Walivuka tuta la tatu. Walivuka la nne. Walipoingia chini ya paa la kituo cha mafuta, Mama alizima gari, akaweka paji la uso juu ya usukani, akakaa hivyo kwa muda.

Lori likaingia nyuma yao. Mzee wa kofia akashuka, na alikuwa na hasira.

"Mama, humu ndani nina tani kumi na mbili za mchanga," alisema. "Lori hili halisimami kwa kuombwa. Unabebaje watoto bila taa za breki?"

"Una haki ya kugomba, ndugu yangu," Mama akasema. "Gari ni langu, na kosa ni langu."

"Ni langu," Betri akasema kutoka nyuma yake. "Niliambiwa niangalie, nikasema zinawaka."

Mzee akamtazama, akamtazama Mama, akavua kofia na kukamua maji. Akaenda kuwasogeza watoto mahali pakavu.

Mama alileta kopo la vipuri, akaliweka mikononi mwa Betri. Akamwagiza achomoe fyuzi kwanza, ndipo afungue taa. Fyuzi ilikuwa imekatika katikati, ina doa jeusi. Ndani ya kikombe cha balbu waliona sababu: kiulimi kimoja cha shaba kilikuwa kimepinda mpaka kikagusa ukuta wa chuma, kwa sababu balbu ilisukumwa kinyume. Breki ilipokanyagwa, umeme ulikimbilia kwenye bodi na fyuzi ikakatika. Betri alikinyoosha kiulimi kwa kijiti, akakisugua kwa kipande cha msasa. Kisha Mama akampa balbu mpya, akamwambia aitazame kabla ya kuitia. Safari hii aliviona vijino viwili, kimoja juu ya kingine. Balbu iliingia bila kusukumwa.

Mhudumu wa kituo, kijana mchangamfu, alipoona wanatafuta fyuzi ya saizi ile, akapendekeza waifunge ile iliyokatika kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya biskuti, kwa kuwa yeye hufanya hivyo kila siku na magari yanatembea.

"Fyuzi hukatika ili iseme kwamba kuna kasoro," Mama akamjibu. "Ukiiziba mdomo, gari litasema kwa moto." Akaendelea kupekua kopo mpaka akaipata ya saizi yake.

Honi ikalia. Mama akaketi kwenye usukani ajaribu breki, na Betri, kwa mazoea, akaanza kuelekea nyuma ya gari.

"Wewe kaa hapo hapo," Mama akasema. Hakupandisha sauti. "Ndugu dereva, tafadhali nisaidie kutazama."

Mzee wa kofia akaenda kusimama pale ambapo Betri alikuwa akisimama kila siku. Akasema zinawaka, zote mbili. Betri alikuwa amesimama kando ya pampu na kopo lake la vipuri, na hapo ndipo alipolia, maana hata hofu ya lori haikumuumiza hivyo.

Walifika shule wamechelewa dakika ishirini. Mama aliingia ofisini mwenyewe kumweleza mwalimu mkuu, na wale wawili wakaruhusiwa kuanza mtihani. Mchana, aliporudi kuwachukua, alimwambia Betri kwamba wazazi lazima wajue leo hii kabla hawajasikia kutoka kwa watoto.

Kwenye nyumba ya kwanza Mama alishuka peke yake, akaongea na mzazi langoni. Betri alimwona yule mama akishika kifua. Kwenye nyumba ya pili Betri alishuka naye, akasimama ameinamisha kichwa. Kwenye ya tatu Mama alipoanza kusema, "Leo asubuhi gari langu," Betri akamkatiza kwa adabu, akamwomba amwache aseme mwenyewe. Akaeleza alivyoona taa zimelala akasema zinawaka. Baba wa nyumba hiyo alimkaripia kwa dakika nzima, naye akasimama akamsikiliza hadi mwisho. Kwenye ya nne mzazi alimshukuru kwa kusema kweli, na hiyo ilimuuma kuliko karipio.

Ya mwisho ilikuwa karakana ya seremala, baba yake Kibogoyo. Mtu huyo alikuwa na maneno machache na mikono mikubwa. Aliacha randa yake, akakaa juu ya gogo, akasikiliza. Betri alimweleza kila kitu: alivyokatazwa, alivyogusa, alivyodanganya nyuma ya gari, na alivyodanganya tena alipoulizwa kuhusu fyuzi. Alimweleza kwamba mwanawe alikuwa amelala begani mwake wakati ule.

Seremala alimshika Kibogoyo kichwani, akamgeuza huku na huku kana kwamba anatafuta mkwaruzo.

"Na kesho," akamuuliza Mama, "nani atakayetazama hizo taa?"

Betri alikodoa macho chini kwenye maranda ya mbao. Alijua jibu, na alijua kwamba ni la haki.

"Huyu," Mama akasema.

"Huyu aliyekudanganya mara mbili?"

"Hiyo mara ya pili sikumwambia mtu yeyote, katika nyumba hata moja. Nilikuwa nimeamua kumsitiri. Amekwambia mwenyewe, na hakuna aliyemlazimisha."

Seremala akaokota randa, akaipuliza.

"Aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka," akasema. "Haya. Mwanangu atakuwa langoni saa kumi na mbili na nusu. Na mimi nitakuwa nyuma ya gari, pembeni ya huyo fundi wako, mpaka nitakapoona inatosha."

Mama akakubali, Betri naye akakubali. Wakarudi kwenye gari. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Betri alikaa kiti cha mbele, na Mama hakuwasha gari mara moja.

"Nisikilize, mwanangu. Dereva anaona mbele. Anaona pembeni, na kwenye vioo anaona wanaomfuata. Taa zake za nyuma hazioni hata awe hodari kiasi gani. Hizo anaambiwa tu. Kila mtu ana upande wake asiouona, na yule anayesimama huko kumwambia ndiye anayeshika roho yake. Kama breki zimekufa, niambie zimekufa. Nitakasirika, tutachelewa, tutatengeneza. Balbu ukiivunja, dukani zipo. Neno lako likivunjika, halina duka."

Betri aliitikia kwa kichwa. Kisha akamwomba Mama amfundishe upya, tangu mwanzo, jinsi ya kutia balbu ya nyuzi mbili, na Mama akasema watafanya hivyo wakifika nyumbani, wakati bado kuna mwanga wa jua.